Nilivyokwenda Kuuliza Kifo cha Daktari Nevili

Kila Alhamisi kikundi kikikutana mnaniuliza nilikwenda Nairobi kutafuta nini. Mimi huwajibu nusu, kisha chai inachemka na maneno yanaishia hapo. Nimeona niandike yote mara moja, mpokezane daftari. Nilisoma hadi darasa la saba tu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu.

Mume wangu Nevili tulimzika mwezi wa nne, mlikuwepo. Wiki mbili baadaye mjukuu wetu akazaliwa huko Nairobi, na tangu azaliwe alikuwa analia. Hospitali walimpima wakasema ni mzima. Sisi tukasema analilia jina, na jina lenyewe lilikuwa wazi: la babu yake. Kwenye cheti ameandikwa Brayani, lakini hilo ni la shule. La nyumbani ndilo lilikuwa bado.

Shem akakataa. Shem ni kaka mkubwa wa mume wangu na ndiye mzee wa boma sasa. Alisema jina Nevili si letu. Lilikuwa la daktari mzungu aliyeushona mguu wa babu yao wakati wa vita ile ya kwanza, babu alipokuwa mbeba mizigo wa jeshi. Babu alimpa mwanawe wa kwanza jina hilo, na huyo alipofariki, likaja kwa mume wangu.

"Na huyo daktari alijiua," Shem alisema. "Wazee walikuwa wakisema hivyo nikiwa mtoto. Boma hili limekosea mara mbili kwa kutojua. Mara ya tatu tutakuwa tunajua."

Kwetu aliyejitoa uhai haitwi kwa mtoto, yaani jina lake halipewi mtoto yeyote. Mume wangu alibeba jina hilo miaka sabini na moja na sikuwahi kuona doa, lakini hilo si jibu la kumpa mzee wa boma. Nikamwambia, "Shemeji, nipe mwezi mmoja nikaulize."

"Utamuuliza nani? Wote wamekufa."

"Nitaziuliza karatasi."

Nilikuwa na kitu kimoja tu mkononi. Ni picha ambayo daktari alimpa babu: wanaume kumi na watano wenye masharubu, magoti wazi, na mmoja ameshika mpira mrefu kama yai la bata mzinga. Nyuma kuna majina kwa wino uliofifia. Wa mwisho upande wa kushoto ni Nevili Strathen.

Chavakali hadi Nakuru

Basi liliondoka saa moja asubuhi. Kando yangu alikaa mzee mmoja wa biashara ya vitunguu, mwenye kofia ya sufu na mdomo usiochoka. Kufika Kapsabet alikuwa ameshaniambia bei ya kila soko. Kisha akaniuliza, "Na wewe mama, Nairobi unaenda kwa nani?"

Ningeweza kusema ninakwenda kwa mwanangu, na ingekuwa kweli. Lakini nimezoea kujibu swali lote. Nikasema, "Ninakwenda kuuliza kama mtu fulani alijiua."

Mzee akatazama dirishani.

Karibu na Mau Summit lori la mahindi lilikuwa limelala barabarani, na tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Watu walishuka, wakawasha simu, wakagombana na kondakta kana kwamba yeye ndiye aliyelipindua. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha na baridi ya kule mnaijua. Nilibaki kitini na kitambaa changu kichwani. Nywele nilizonyolewa msibani zilikuwa hazijaota vizuri na kichwa kilikuwa kinaganda.

Yule mzee akarudi na mahindi mawili ya kuchoma, akanipa moja. Alipomaliza akafuta mikono, akasema, "Wangu alikuwa mdogo wangu. Hatukumwita kwa mtoto yeyote." Halafu akasema, "Alikuwa mchekeshaji sana." Alishuka Nakuru bila kuniaga, lakini aliniachia vitunguu vitano kwenye mfuko.

Jamhuri, kwa Mwende

Mwanangu Jairo yuko kazini Mombasa mwezi mzima, kwa hiyo nilipokelewa na mkewe, Mwende. Mwende ni Mkamba wa Machakos, msichana wa maneno machache na mikono mepesi. Wanakaa Jamhuri, ghorofa ya tatu, na nilimsikia mjukuu wangu kabla sijafika ya pili.

Nilimshika. Ana paji la uso la mume wangu, lile pana. Alinitazama, akavuta pumzi, akaendelea kulia pale alipokuwa ameachia.

"Ni hivyo tu, mum," Mwende alisema. "Jirani wa chini ameshaniuliza kama namfinya."

Aliniandalia chakula cha kwao, muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Nilikula nikidhani ni kitangulizi, nikawa nangoja ugali. Mwende naye alikuwa ananingoja nimalize ili aongeze. Tulingojana hivyo hadi chakula kikapoa. Mwishowe akaniuliza kama kimenishinda, nikamwambia ukweli, kwamba nasubiri ugali. Alicheka mpaka akamwamsha mtoto, aliyekuwa amesinzia dakika tatu nzima.

Kisha akawa mzito. "Kwetu mtoto anapewa jina siku ya tatu. Huyu amemaliza miezi miwili. Mama yangu ananipigia kila Jumapili, anauliza kama watu wa mume wangu wamemkataa mtoto. Nimjibu nini?"

Nilimwambia amwambie nimefika.

Kenyatta Market

Kesho yake Mwende alikuwa na mtu wa kuona Kenyatta Market, nami nikambebea mtoto. Sikujua kwamba mwanamke hapiti pale hivi hivi. Wasusi wamesimama njiani na picha za mitindo, na kila mmoja anakuita kana kwamba mlisoma pamoja.

"Mathe, kuja nikusuke! Customer wangu, kuja, kiti iko!"

"Leo sisuki, asante."

"Hata line tu, mathe, nakupunguzia."

Mmoja, msichana mnene mwenye kitana nyuma ya sikio, akanishika mkono na kuniingiza. Kabla sijaeleza alikuwa ameshafungua kitambaa. Wote wakaona kichwa changu. Hata yule aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha akatoa kichwa.

"Woi," msichana alisema. "Pole, mathe. Ni nani?"

"Ni mzee wangu."

Alikifunga kitambaa tena, polepole, vizuri kuliko nilivyokuwa nimekifunga mimi. Kisha akamchukua mtoto, akampitisha kwa mwenzake, na huyo kwa mwingine, na kwa robo saa niliketi mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mtoto alilia kwa kila mmoja wao bila upendeleo.

Mwende akaninunulia nyama mbavu na kachumbari. Nilipomwonyesha mchoma nyama ile picha na kumuuliza mpira huo ni wa nini, akasema, "Hiyo ni raga, mama. Enda hapo juu Ngong Road, karibu na Adams, kuna uwanja. Kuna mzee anaitwa Mutiso, ako hapo kutoka zamani za kale."

Uwanja wa raga

Uwanja wenyewe uko nyuma ya ua mrefu na una lango la chuma. Askari wa lango alinitazama viatu, akasema, "Mathe, hao wa usafi wameshaandikwa. Walichukua Monday."

"Sikuja kwa kazi. Namtafuta mtu aliyekufa."

"Hapa hakuna mwili, mathe. Jaribu hospitali."

Nikamwonyesha picha. Aliitazama kwa muda, akaangalia majina, akanipigia Mutiso simu mwenyewe. Akaniletea na kiti chake.

Mzee Mutiso alikuwa mtunza baa ya klabu hiyo tangu ujana, na sasa alikuwa anakuja tu kwa sababu nyumbani hakuzoea. Ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitazama picha yangu, kisha bila neno akaniongoza hadi ukuta wa nyuma, kwenye korido ya kwenda vyoo, ambako picha za zamani zimepangwa hadi dari. Akagonga moja kwa kidole. Ni yeye. Amezeeka kidogo na hana masharubu, yuko Nairobi kwenye nyasi zilizoungua, kati ya makarani na askari wa enzi hizo.

"Huyu alikuwa winga," Mutiso alisema. "Winga anakaa pembeni kabisa, karibu na chaki. Anaweza kukaa mchezo mzima hajaguswa na mpira. Halafu unakuja mara moja, na kila mtu anamtegemea yeye tu."

Chini ya picha kuna karatasi kwenye fremu na Mutiso alinisomea maisha ya huyo mtu, akisimama kila sentensi ili nielewe. Alikuwa mtoto wa mwalimu. Alisomea udaktari akicheza raga, na aliichezea nchi yake mara chache kabla ya kuvunjika mfupa wa bega. Akaacha mchezo mkubwa, akapanda meli kuja kuwa daktari wa serikali. Hapa Nairobi alitibu wagonjwa mchana na jioni akafundisha watu kucheza. Vita vilipoanza akapelekwa kwenye hospitali ya wabeba mizigo. Babu alikuwa akisimulia, mume wangu aliniambia, kwamba daktari alikuwa akikimbia jioni kuzunguka mahema ya wagonjwa na mpira kwapani, na wagonjwa wanamcheka, naye anafurahi wakimcheka.

Karatasi inaishia hivi: alifariki ghafla Nairobi, baada ya vita.

"Ghafla," nikasema.

Mutiso akavua miwani. "Mama Jairo, mimi nimeuza pombe miaka arobaini. Mtu akifa na homa, wanaandika homa. Akianguka farasi, wanaandika farasi." Alinitazama. "Unataka kujua kweli, ama unataka kujua kitu cha kwenda nacho nyumbani?"

"Nataka kujua."

"Basi enda mjini, kwa ofisi ya nyaraka za serikali. Waliokufa ghafla mambo yao yaliulizwa na hakimu. Kama faili iko, iko huko."

Alinipa chai na mandazi mawili, na alikataa kuniacha niende kabla sijamaliza ya pili.

Katikati ya mji

Ya fomu na vibali sitawachosha. Nilikwenda siku tatu. Ya kwanza nilifika wakafunga, ya pili stima zilipotea ofisi ikawa giza, na nilikaa kwenye benchi nje na mkate na soda nikitazama watu wa mji wanavyotembea, kila mmoja kama ameitwa na moto. Mama mmoja muuza njugu alidhani nimepotea, akanieleza njia ya kwenda stendi mara mbili.

Siku ya tatu binti wa meza ya pili alileta faili nyembamba yenye uzi mwekundu. Kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza cha taipu. Nikamwomba anisomee.

"Kazi yangu ni kuleta tu, mama."

"Najua. Macho yangu yanaona, Kiingereza ndicho sina."

Alitazama kushoto na kulia, akavuta kiti. Alisoma ukurasa wa kwanza kimya. Niliuona uso wake ukibadilika, nikajua kabla hajasema.

"Mama, huyu alikuwa nani kwako?"

"Ni jina la mume wangu."

Akasema kwa sauti ndogo, "Alijitoa uhai. Hakimu ameandika hivyo. Hakuna shaka."

Nilikuwa nimemwomba Mungu muda wote kuwe na shaka, hata kidogo, ya kushika.

Binti alikuwa anafunua. "Kuna ushahidi wa mtu aliyemwona kwanza. Nisome?" Nikamwambia asome. Akasoma jina la shahidi na mimi nikamwomba alirudie. Lilikuwa Asava, mbeba mizigo wa zamani, sasa mpishi wa daktari, kutoka Maragoli. Asava ni babu. Ndiye aliyepewa picha ninayoibeba.

Nayaandika kama binti alivyonigeuzia kwa Kiswahili:

"Asubuhi nilimpelekea chai. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikabisha, nikaita, kisha nikauvunja kwa bega. Alikuwa kitandani, amevaa fulana yake ya mchezo. Alikuwa hapati usingizi tangu vita viishe. Serikali iliandika wabeba mizigo waliokufa kwa namba. Yeye alikuwa na daftari lake, anawaandika kwa jina na jina la baba. Ni wengi. Alikuwa ananiita nimsaidie kuyatamka, asije akakosea. Sijui kilichokuwa moyoni mwake. Mguu huu ninaosimamia alinishonea yeye. Sina zaidi."

Chini kuna alama ya kidole gumba. Niliuliza kama ninaweza kuigusa. Binti akasema hairuhusiwi, kisha akageuka kupanga karatasi nyingine kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Nairobi hadi nyumbani

Mwende alifunga nguo na tukapanda basi pamoja, yeye, mimi na mtoto. Nilikuwa nimemwambia kila kitu. Kupita Limuru akasema, "Mum, naomba nikuulize kitu usikasirike."

"Uliza."

"Ni nani ataenda kusoma hiyo faili? Mzee Shem hawezi. Si useme tu alikufa na homa? Jina linapita, mtoto anatulia, mama yangu anaacha kunipigia. Ni uongo mdogo, na wa mtu aliyekufa miaka mia."

Sikukasirika. Nawaambia ninyi kama nilivyo, kwamba nilikubali. Kuanzia Naivasha hadi Nakuru nilikuwa nimeshakubali kabisa, na nilikuwa ninapanga maneno: homa kali, siku tatu, alizikwa kwa heshima. Nilikuwa hata nimeamua ni homa ya aina gani.

Kilichonirudisha ni babu. Nilifikiri juu ya mtu aliyeingia chumba kile kwanza, halafu akarudi kwao Maragoli, akaoa, akapata mtoto wa kiume, na kati ya majina yote ya ukoo wake akachagua lile. Yeye hakukosea kwa kutojua. Nikisema homa, nitakuwa nimemfuta yeye pia. Nikamwambia Mwende, "Siwezi." Akageuza uso dirishani hadi Kapsabet. Alikuwa na haki ya kukasirika. Mtoto ni wake.

Bomani

Shem alikuja Jumapili baada ya ibada, na wazee wawili na shangazi yao. Mnajua utaratibu wetu: jina linatamkwa mara tatu mbele ya watu wa boma, na asiyelikubali huinuka akatoka, na akitoka mzee wa boma, jina limekufa.

Walikula. Kisha Shem akasema, "Haya, karatasi zimesema nini?"

"Zimesema alijiua, shemeji."

Mwende aliinamisha kichwa. Shem hakufurahi, lazima nimpe haki yake. Alikuna goti. "Basi nilisema kweli."

"Ulisema kweli. Lakini kuna jingine." Nikawasimulia ushahidi wa babu, neno kwa neno, kama nilivyoukariri. Nilipofika pale pa mlango, Shem akaniinulia mkono ningoje.

"Ni babu aliyeuvunja?"

"Ni yeye, kwa bega."

"Bega gani?"

"Haikuandikwa."

Alikaa akitazama sakafu. Shangazi akataka kusema kitu, akamzuia. "Nililala nyumba ya babu miaka sita," alisema. "Mlango wake haukufungwa hata siku moja. Mvua ikiingia, tunasogeza mikeka. Bibi alimgombeza mpaka akachoka. Tulidhani ni uzee." Akainua macho. "Alijua, kumbe. Akampa mwanawe."

"Alijua."

"Mimi sitalitamka," akasema mwishowe. "Mwiko ni mwiko na mimi ndiye ninayeulinda. Usiniombe."

"Sikuombi."

Nilimchukua mtoto kwa Mwende, nikasimama katikati ya nyumba. Nikalitamka mara ya kwanza, huku nikisikia kiti cha Shem kikilia nyuma yangu. Sikugeuka. Nikalitamka mara ya pili na ya tatu.

Mnaouliza kama mtoto alinyamaza: hakunyamaza. Alilia vilevile hadi mama yake akampa titi, na hadi leo Mwende akipiga simu namsikia. Mwende anadhani sasa ni meno.

Lakini nilipogeuka, Shem alikuwa amekaa palepale. Kiti kilikuwa kimelia kwa sababu alikuwa amekivuta mbele, karibu na mtoto.